Barua Tano Zilizofungiwa Homa Bay

Masara, kwa sanduku la shule ya msingi
9 Machi 1999

Kwa wakubwa wa Upesi Mtandao, Homa Bay,

Nawasalimu nyote, hata yule anayepiga mihuri. Mimi ni mzima, ni magoti tu. Jina langu ni Pauline Robi, mama yake Elvis. Nilisoma nikafika darasa la nne, kwa hivyo mkikuta makosa mruke kama mtu anavyoruka tope.

Mimi huuza uji na maharagwe kwa wachimba dhahabu hapa Masara. Elvis wangu yuko India, mji unaitwa Pune, anasomea mitambo. Baba yake alishatuacha, Mungu amlaze pema, kwa hivyo mambo ya nyumba hii ni mimi na Elvis, na dada yake Liz aliyeolewa Migori. Elvis alikuwa ananiandikia kila mwezi. Halafu Januari akaniandikia hivi, nanakili: "Mama, hii ndiyo barua ya mwisho ya karatasi. Nimekufungulia sanduku la kompyuta kwa kampuni ya Homa Bay. Kuna jambo kubwa nataka kukuambia na haliwezi kungoja stempu."

Sasa nyinyi mna watoto? Mtoto akuambie kuna jambo kubwa, halafu anyamaze! Nilimwandikia kwa hosteli yake, barua ikarudi imeandikwa amehama. Usiku najigeuza kama chapati.

Wiki iliyopita mlinitumia karatasi kwamba nina barua mbili hazijasomwa, niende kwa wakala wenu Migori, duka la kupiga chapa nyuma ya soko. Jumatatu nikavaa vizuri, nikaenda. Kufika mlangoni, naona nani ameketi mbele ya hiyo kompyuta? Mwikwabe. Huyo Mwikwabe ndiye amemuoa Liz! Nilijua ana duka la fotokopi, sikujua ndiye wakala. Nilivuta leso nikafunika uso, nikarudi kinyumenyume hadi nikakanyaga nyanya za mama wa watu. Yeye naye aliingia chini ya meza.

Wakubwa, sisi ni Wakuria. Mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mkono, na hawazungumzi mambo ya ndani. Je, mkwe wangu anisomee siri ya mwanangu, tumeketi tumegusana mabega? Afadhali nife sijui.

Naomba kitu kidogo tu. Zile barua mbili ziandikeni kwa karatasi, mtie kwa bahasha, mnitumie kama mlivyotuma hii yenu. Kama hamwezi, basi mnipe wakala mwingine.

Mungu awape nguvu,
Pauline Robi, mama Elvis


UPESI MTANDAO LIMITED
Homa Bay
26 Machi 1999

Mteja wetu mpendwa,

Asante kwa kuchagua Upesi. Tumepokea ujumbe wako kwa njia ya posta, njia ambayo kampuni yetu imeitangazia vita. Utafiti tulioufanya hapa ofisini unaonyesha wazi kwamba watu wa Migori wamechoka na karatasi.

Kuhusu wakala: mfumo wetu humpa kila mteja wakala aliye karibu naye zaidi. Umbali kati yako na Bw. Mwikwabe ni mdogo sana, na tunakupongeza kwa bahati hiyo.

Kufungua sanduku lako ni rahisi. Keti mbele ya kompyuta. Jibu Swali la Siri, ambalo jibu lake unalijua wewe peke yako. Kisha chagua neno la siri lenye herufi nane na tarakimu mbili, ndani ya sekunde sitini.

Ukishindwa kufungua barua pepe yako, tuandikie mara moja kwa barua pepe.

Una jumbe tatu ambazo hazijasomwa.

Wako katika karne mpya,
Cephas Ochieng
Mkurugenzi Mtendaji


Masara
14 Aprili 1999

Kwa Bwana Cephas,

Salamu sana. Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, nikidhani labda masikio yataelewa. Unaniambia nikishindwa na kompyuta nikuandikie kwa kompyuta. Hiyo ni kama kumwambia mtu, ukizama piga hodi.

Tena umbali kati yangu na Mwikwabe haupimwi kwa kilomita, Bwana Cephas. Hata kama angekuwa kwa ukuta wa pili, yuko mbali, na ni lazima awe mbali.

Lakini moyo wa mama hauna breki. Nilituma neno kwa Liz, tukapanga. Jumamosi Mwikwabe alitoka dukani, akasimama nje, nyuma ya dirisha, ametupa mgongo. Mimi nikaingia na Liz. Liz hajui kompyuta, na Mwikwabe haruhusiwi kuongea na mimi, basi ikawa hivi.

Mwikwabe anasema dirishani: "Mwambie mama abonyeze kile kitufe kikubwa."

Liz: "Mama, anasema bonyeza."

Mimi: "Mwambie huyo mtu nimebonyeza."

Simu iliyofungwa kwa kompyuta ikalia kama paka amebanwa mlangoni. Tukangoja, nikamaliza kusema rozari moja na nusu. Halafu swali la siri likatokea. Liz akasoma: jina la mnyama wako wa kwanza kipenzi ni nani?

Bwana Cephas, hilo jibu unalosema ninalijua mimi peke yangu analijua Elvis peke yake, kwa sababu ndiye aliyejaza fomu huko India! Na mimi mnyama kipenzi simjui. Wanyama wetu wana kazi. Tukajaribu ng'ombe. Ikakataa. Mwikwabe huko nje akasema, "Mwambie ajaribu paka." Nikasema mwambie huyo mtu yule paka hakuwa wetu, alikuwa wa jirani, alikuja kwa sababu ya dagaa wetu wa omena. Kufika hapo watu wa soko walikuwa wamejaa dirishani wakiwa na maoni yao. Mmoja anataka mbwa, mmoja anasema jaribu punda. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Mwandikie Yesu, hilo halikataliwi." Liz akaandika mbwa, ikakataa. Akaandika Yesu.

Ikakataa. Halafu kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba sanduku limefungwa siku tisini.

Siku tisini! Bwana Cephas, mwanangu ana jambo kubwa. Je, kama ni mgonjwa? Je, kama amefungwa? Nakuomba, wewe pia ulinyonya kwa mama. Karatasi tu.

Pauline Robi, mama Elvis


UPESI MTANDAO LIMITED
Homa Bay
3 Mei 1999

Mteja wetu mpendwa,

Tunafurahi kukujulisha kwamba mfumo wetu wa usalama umefanya kazi ipasavyo. Haujakuruhusu wewe kuingia.

Tuna habari njema zaidi. Jumamosi tarehe 22 Mei wageni kutoka Nairobi wanaotaka kuweka mtaji katika kampuni yetu watatutembelea. Kompyuta yetu imekagua wateja wote na kugundua kwamba wewe ndiye unayewasiliana nasi zaidi ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo umechaguliwa kuwa Mteja wa Mfano. Utawaonyesha wageni jinsi Upesi ilivyobadilisha maisha yako. Nauli italipwa.

Tafadhali jaza pia dodoso hili: a) Kwa siku unatembelea mtandao kwa saa ngapi? b) Ukiwa nyumbani, unapendelea kompyuta ya mezani au ya mkononi?

Una jumbe tano ambazo hazijasomwa.

Cephas Ochieng
Mkurugenzi Mtendaji

(Chini, kwa kalamu:) Mama, mimi ni Irine, ninafanya kazi mapokezi. Mimi ndiye ninayefungua barua zako. Nilicheka ile ya paka, halafu nikalia. Niandikie mimi. Usiandike jina la kampuni kwa bahasha.


Masara
8 Mei 1999

Mwanangu Irine,

Mungu akubariki wewe na tumbo lililokuzaa. Sikujua kuna mtu huko. Nilidhani ni Bwana Cephas na mashine zake tu.

Mwanangu, sitaki ufukuzwe kazi. Usinisomee barua. Niangalizie kitu kimoja tu: je, ni Elvis mwenyewe aliyeandika, au ni mtu anaandika kwa niaba yake? Unajua mtu akifa mbali, anayeandika ni mwingine. Hilo tu. Ukiniambia ni yeye, nitapika uji bila kuunguza. Juzi niliunguza sufuria mbili, wachimbaji wakaniuliza kama siku hizi naupika kwa lami.

Hilo dodoso la Bwana Cephas nimejaza. Kwa a) nimeandika, sijawahi kufika. Kwa b) nimeandika, napendelea kiti.

Mama yako,
Pauline Robi


Homa Bay
13 Mei 1999

Mama,

Shikamoo. Ni yeye. Anwani yake imefichwa mpaka barua zifunguliwe, na sanduku anaweza kulifungua mkurugenzi peke yake. Nilimwomba, akasema kanuni ni kanuni. Lakini barua pepe ina kichwa chake, kama maneno ya juu ya bahasha, na hayo kila mtu ofisini anayaona. Nimekunakilia vichwa vyote vitano kwa mpangilio.

La kwanza, Februari: "Mama, habari njema, nijibu haraka."
La pili, Februari: "Mama, mbona kimya?"
La tatu, Machi: "Mama, umekasirika?"
La nne, Aprili: "Mama, tafadhali."
La tano, tarehe mbili Mei: "Basi."

Samahani Mama. Nilifikiri sana kama nikuandikie hilo la tano. Njoo tarehe 22. Siku hiyo lazima mkurugenzi afungue sanduku lako mbele ya wageni, hana njia.

Irine


Barua pepe, kutoka ofisi ya Upesi Mtandao, Homa Bay
Jumamosi, 22 Mei 1999, saa saba na robo mchana

ELVIS MIMI SIKUKATAA.

Hayo nimemwambia Irine ayaandike kwa herufi kubwa na ayaweke mbele, ndiyo usome hata kama una hasira ya kuifunga hii barua. Sikukataa. Sikukasirika. Sikuwa nimesoma hata neno moja mpaka leo. Ni Irine wa mapokezi anachapa, mimi nasema.

Ngoja nikueleze. Tangu Machi nimehangaika na hili sanduku lako, hadi leo wakaniita mteja wa mfano. Nilifika mapema, nimembebea Irine kuku. Ukumbi umejaa viti vyeupe. Mbele kabisa wamewaketisha mawakala, na kati ya mawakala ni nani? Mwikwabe, amevaa tai. Nikabaki nje dirishani.

Bwana Cephas akatoka mbio. "Mama, ingia, wageni wanakungoja!"

Nikamwambia, "Mkwe wangu yuko ndani."

"Basi atafurahi kukuona!"

"Bwana Cephas, wewe umezaliwa wapi?"

Akasema Rodi Kopany, hapa hapa karibu na Homa Bay, lakini amesoma ng'ambo. Nikamwambia ng'ambo imekuosha sana. Huko ndani wageni wanauliza, mteja wa mfano yuko wapi? Sauti ikajibu, yuko dirishani. Mwikwabe akainuka, yule kijana ana adabu, akatoka kwa mlango wa nyuma na tai yake. Ndipo mimi nikaingia kwa mlango wa mbele. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya programu.

Wana mashine inayorusha maandishi ukutani. Bwana Cephas akasema, sasa Mama atafungua sanduku lake. Nikasema sanduku limefungwa, nilimwandikia Yesu likakataa. Watu wakacheka. Bwana Cephas akacheka pia lakini shati lilikuwa limeshika mgongo. Akafungua mwenyewe, kwa vidole vyake. Kwa sekunde tano, Elvis! Kitu nilicholilia miezi mitatu, amebonyeza kwa sekunde tano!

Barua yako ikatokea ukutani, kila herufi kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Ukumbi mzima ukaisoma na mimi. "Mama, nimempata msichana anaitwa Nyanchama, Mkisii, anasomea uuguzi. Sitaki kumuoa kabla hujasema neno." Wageni wakapiga vigelegele! Mzee mmoja wa suti akapaza sauti, "Mama, kubali!" Nami ningekubali hapo hapo, lakini Bwana Cephas, kwa furaha yake, akabonyeza ya pili. Na ya tatu. Makofi yakapungua. Akafika ya tano kabla Irine hajamshika mkono.

"Basi Mama, nimeelewa. Nimemwambia Nyanchama nyumbani wamekataa. Ameenda Bangalore. Sitakusumbua tena."

Mgeni mmoja mwanamke alivua miwani akaifuta.

Nikamuuliza Bwana Cephas, "Hiki kitu kinaweza kujibu?"

"Kinajibu."

"Basi sogea."

Irine akaketi, na sasa wageni wote wanatungoja, na chakula chao kinapoa.

Elvis, mimi ningemkataa kwa nini? Mkisii na Mkuria walichunga mifugo pamoja tangu zamani. Hata angekuwa wa mwezini. Ulikuwa na haraka ya stempu, mwanangu, ukasahau kuuliza mama yako ana kompyuta wapi, chini ya kitanda? Lakini hata mimi nina kosa, nilitafuta wakala badala ya kuja mwenyewe mpaka huku. Mtafute huyo msichana. Leo. Mwambie mama amekubali mbele ya watu sitini na mbili, Irine amewahesabu.

Mama yako


Barua pepe, kutoka Pune
22 Mei 1999

Mama,

Nimesoma nikiwa nimesimama, sasa nimekaa sakafuni. Nisamehe. Nilikaa hapa nikifikiri umeketi Masara umenuna, kumbe unabishana na swali langu. Jibu lilikuwa Simba. Yule mbwa tuliyekuwa naye nikiwa darasa la pili. Nilidhani unakumbuka.

Mama, kuna shida. Nyanchama hafungui tena barua zangu za kompyuta. Nimempigia simu hosteli yake ya Bangalore, akaitwa kwenye simu, nikamwambia mama amekubali. Akasema, "Miezi mitatu amekataa, leo baada ya mimi kuondoka amekubali? Imeli hata wewe unaweza kuandika ujiite mama." Akasema ataamini akiona mwandiko wako mwenyewe, kwa karatasi. Halafu akakata.

Naomba umwandikie. Anwani nimeweka hapa chini. Najua nilichosema Januari kuhusu stempu, usinikumbushe.

Elvis


UPESI MTANDAO LIMITED
Homa Bay
29 Mei 1999

Mteja wetu wa Mfano,

Nafurahi kukujulisha kuhusu huduma mpya niliyoibuni. Inaitwa Upesi Karatasi. Barua pepe ya mteja itachapishwa katika karatasi, itiwe katika bahasha, na kutumwa kwa posta hadi karibu na nyumbani kwake. Hakuna swali la siri. Wageni wetu wamesema hawajawahi kusikia wazo la kimapinduzi kama hilo.

Huduma itaongozwa na Bi. Irine, ambaye alinisaidia kidogo katika fikra.

Kwa heshima, na samahani kwa ile ya tano,
Cephas Ochieng


Masara
30 Mei 1999

Kwa Nyanchama, hosteli ya wauguzi, Bangalore,

Mwanangu ambaye sijakuona,

Huu ndio mwandiko wangu. Uangalie vizuri, ni mbaya, hakuna mtu anaweza kuuiga. Hili doa hapa ni uji.

Sikukukataa. Nisingeweza kukukataa kwa sababu sikujua kama uko. Barua za Elvis zilifungiwa ndani ya kompyuta ya Homa Bay tangu Februari, na mimi niko nje kama mtu amesahau ufunguo. Ningekuwa naye karibu ningemvuta sikio. Mtu mwenye jambo kubwa kama wewe halitumi kwa njia ambayo hajaipita na miguu yake.

Kitu hicho chenyewe kina mbio, sitasema uongo. Nilimwandikia Elvis, akajibu siku hiyo hiyo kabla sijapanda gari la kurudi. Lakini hii yangu itakuja pole pole, itapita Migori, itapita Nairobi, itavuka maji. Utanisamehe. Kila siku nitakuwa nahesabu iko wapi.

Sasa, sikuombi umrudie. Wewe ni mtu mzima, unadunga watu sindano. Kama humtaki tena, niambie, nitamtuliza, ni wangu. Ana wema, lakini akinyamaziwa anaelewa vibaya haraka, hilo alirithi kwangu. Kama bado unamtaka, usimrudie kwa sababu nimekubali. Kukubali kwangu ni kwa bure. Mrudie kama wewe mwenyewe ukimwona roho inatulia.

Na hata ukimwacha, ukipita Kenya, pita Masara. Uliza mama wa uji. Utakula kwanza, mengine baadaye.

Mama Elvis, Pauline Robi


Bangalore
21 Juni 1999

Mama,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma mara nne, na nimewasomea wenzangu ile ya kudunga sindano.

Elvis yuko hapa. Alipanda treni wiki mbili zilizopita bila kuambiwa, amelala kwa rafiki yake, na kila siku anakuja kukaa kwenye ngazi ya hosteli kuuliza kama posta imepita. Hata sasa yuko hapo. Aliona bahasha mkononi mwangu, akanifuata mpaka mlinzi akamzuia. Anataka kujua umesema nini na mimi nimejibu nini.

Jibu langu ni ndiyo, Mama. Wewe umelijua kwanza. Yeye bado. Nimemwambia aketi, natafuta stempu.

Mwanao,
Nyanchama